Sauti ya Pili

Nimeshuka basi Pudsey. Mvua ya huku hunong'ona,
haijui kupiga bati.
Subilaga yuko kituoni, koti la bluu la kazini,
skafu kaizungusha shingoni mara tatu.
Hakuniita. Alinipungia mkono tu.
Ningejua tangu hapo.

Huyu ndiye wa kanda ile ya tisini na nne,
jalada la kijani, gauni la kuazima.
Tulirekodi Mbeya usiku mmoja, umeme ukakatika mara saba,
na mara ya saba akaendelea kuimba gizani
hadi fundi mitambo akaacha kutafuta kiberiti.

Kanda ilifika Kariakoo kabla yetu.
Ikapigwa stendi ya Uyole, ikapigwa saluni, misibani,
hata kilabuni, walevi wakilia na vikombe mkononi.
Sisi tulilipwa kitenge kimoja kimoja na soda.
Yeye, kwa kuwa ni sauti ya kwanza, vitenge viwili.

Nilikionea wivu kile cha pili.
Miaka ishirini nilikionea wivu.
Maana sauti ya pili ni kazi ya nguzo:
nyumba ikisifiwa, husifiwa paa.
Na alipopotea katikati ya ubeti, nani alimkanyaga mguu
chini ya gauni, akarudi njiani, watu wakapiga vigelegele?

Halafu akaitwa Uingereza.
Ukumbi wa viti mia tatu, mjini Leeds. Theluji ikaziba barabara,
wakaja watu kumi na mmoja, wawili wao walinzi.
Akawaimbia kama mia tatu.
Mwenyeji akamlipa nauli ya treni na shukrani.
Akarudi tena kusomea uuguzi, akabaki,
kwenye nyumba ya wazee yenye harufu ya supu na dawa.

Ananisimulia jikoni, kwa vidole zaidi kuliko maneno,
habari za Bwana Ackroyd, miaka tisini na miwili,
aliyesahau majina ya wanawe wote
lakini kila saa tisa usiku aligonga chuma cha kitanda:
imba.
Naye akaimba, Kinyakyusa kitupu, huku akimgeuza ubavu,
huku akibadilisha shuka.
"Hiyo ndiyo kanda yangu ya pili," anasema. "Haikuuzwa."

Ndipo akaifungua skafu.
Kovu jembamba, kama uzi wa fundi cherehani
aliyeshona kichwa na mwili kwa haraka.
"Rovu. Walilitoa vizuri tu.
Kulikuwa na mshipa njiani."
Na sauti aliyosemea ilikuwa ya mlango wa stoo.

Nikaitafuta moyoni furaha niliyoivundika
miaka yote ile kama mkungu wa ndizi,
nikiingoja siku hii iive.
Nikafukua majani. Imeoza.

Jumapili tukaenda Fulneck, kwa Wamoravian wenzetu.
Makaburini mawe yamelala chini, yote kimo kimoja,
bwana na mfua nguo wake,
kama kule Rungwe. Nikasita kukanyaga nyasi.
"Anza," akasema.
"Mimi?"
"Nani mwingine? Mimi sina juu tena."

Nikaanza. Wimbo wa mjane na chupa yake ya mafuta.
Nilianza chini mno, nikapanda vibaya, nikapasuka;
mzee mmoja mwenye mbwa akasimama, akavua kofia,
labda akidhani tunazika.
Kisha nikaisikia inaingia chini yangu,
nzito, ina mchanga, haitafuti kusikika,
ikanishika kwapani kama mtoto anayefundishwa kutembea.

Kumbe ndivyo inavyokuwa huku juu.
Kumbe mtu anaweza kubebwa asijue.

Ubeti wa tatu nikapotea.
Akanikanyaga mguu.